Galaksi ya Saba ya Mama Kanda

Mama Kanda aliteremshwa chumba cha chini kwa wiki mbili tu. Ndivyo alivyoambiwa. Mtunza kanda wa zamani wa kituo cha televisheni alikuwa ameomba ruhusa akatibiwe mgongo, na kanda haziwezi kukaa bila mwenyewe, basi akaombwa yeye, karani mpya wa mapokezi, ashikilie pale kidogo. Mgongo ule hadi leo haujapona. Wiki mbili zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka, na siku mambo haya yanaanza alikuwa ametimiza miaka kumi na minne ya kushikilia pale kidogo, na jina lake la kwenye cheti watu walikuwa wameshalisahau.

Unashuka ngazi ishirini na mbili, unakuta mlango wa chuma, unamkuta yeye. Dirisha hakuna, hata la kubahatisha. Rafu zimepanda mpaka darini, zimejaa kanda, na kiyoyozi kinanguruma mwaka mzima kwa sababu kanda hazipendi joto. Juu watu wanajipepea kwa magazeti; chini Mama Kanda amevaa sweta mbili na soksi za mumewe. Mle ndani mna harufu ya siki, maana mikanda ya zamani ikizeeka huchacha, na harufu hiyo ilimfuata hadi nyumbani, wanawe wakawa wanajua mama amefika kabla hajabisha hodi.

Lakini kubwa kuliko yote ni kitasa. Kitasa cha ndani kilikatika mwaka wake wa tatu. Akajaza fomu, fundi akaja, akapima, akaandika, akaondoka na hajaonekana tena. Labda naye anatibiwa mgongo. Tangu hapo mlango ukijifunga haufunguki ila kwa nje, na Mama Kanda akitaka kutoka sharti apige simu getini.

"Mahabusu, unasemaje?" mlinzi humjibu.

"Nataka kwenda msalani, Afande."

"Si ulikwenda asubuhi?"

"Na wewe si ulikula jana? Mbona leo umebeba chakula?"

"Haya, nakuja. Usikimbie."

Mumewe, fundi bomba anayeweza kufungua chochote kilichofungwa na binadamu, alijitolea mara tatu kuja na bisibisi yake amalize kazi ile kwa dakika kumi. Mara zote tatu alirudishwa getini: mali ya kituo haiguswi na watu wa nje. Mke wake alikuwa mali ya kituo kwa saa nane kila siku, na hilo halikumsaidia.

Alichokitaka Mama Kanda kilikuwa kimoja, na alikitaka kama mtu anavyotaka maji: ghorofa ya tatu. Kule kuna chumba cha wahariri wa picha, kina madirisha manne, kina watu wa kupiga nao soga. Alikuwa ameomba kuhamishwa mara nne. Kila mara Mkuu wa Hifadhi alimjibu kwa ule upole unaochoma. "Ukiondoka wewe, mama, ile mashine nani ataielewa?" Ni kweli mashine ya kuchezea kanda ilikuwa kongwe na ilikuwa na kiburi, ikigoma ilitaka kofi la ubavuni, upande wa kushoto, kwa kiganja kilichokunjuliwa. Ukiipiga ngumi inakula kanda. Ujuzi wa kofi hilo alikuwa nao Mama Kanda peke yake, na kila aliposifiwa kwa ujuzi huo, mlango ulizidi kuwa mzito.

Mwaka ule ndipo pakatokea upenyo. Kanda zote zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta, na zikiisha chumba cha chini kingefungwa kabisa. Ghorofa ya tatu kulikuwa na nafasi moja. Mkuu akamwita.

"Imebaki tamthilia moja tu," alisema. "Maliza maelezo yake, kila kisanduku kijae, na nafasi ni yako. Ila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, mimi nafunga orodha. Kuna mwingine anaitaka."

"Nani?"

"Ni mpwa wa mtu."

Mama Kanda hakuuliza ni mpwa wa nani. Ukiambiwa hivyo kazini, unajua huyo mjomba mtu anakaa ofisi yenye zulia.

Sasa hapo kwenye maelezo ndipo palipokuwa na kazi. Kituo kile kilikuwa na sheria yake. Zamani mtunza kanda aliandika tu "mtu akihutubia" akaweka kanda rafuni, na miaka mingi baadaye ikatafutwa hotuba moja kwa wiki tatu katikati ya watu mia nne wakihutubia. Mkuu aliaibika sana. Akaapa kwamba kuanzia siku ile kila kitu kinachoonekana kwenye kanda kitajwe kwa jina lake: mtu, gari, mlima, mbwa akijulikana. Kompyuta nayo ilifundishwa ukali huo huo. Ukiacha kisanduku kitupu, inakataa kuhifadhi, inawasha taa nyekundu, basi.

Tamthilia iliyobaki ilikuwa ya nje, ya zamani, ile ya chombo cha angani. Vipindi ishirini na sita. Nahodha amevaa nguo iliyombana kama soksi, sayari zote zimejaa mawe yale yale ya boksi, na kila kiumbe wa ajabu ana viatu vya dukani ukitazama chini. Hayo Mama Kanda alikuwa akiyaandika bila taabu, kipindi baada ya kipindi. Taabu ilikuwa mwisho, pale majina ya watengenezaji yanapopanda taratibu, maana nyuma ya majina zilipita picha saba za anga. Aliandika "nyota" katika visanduku vyote saba, akapeleka.

Fomu ilirudi na mwandiko wa Mkuu: *Nyota zipi?*

"Huyu ananikomoa," alimwambia wifi yake jioni.

Wifi yake, dada wa mumewe, ni mwalimu wa sayansi, anaishi nao na ana mdomo. "Hakukomoi. Amekuuliza swali la maana kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wewe huna jibu. Hebu nieleze hizo picha zilivyo."

"Madoa. Moja limezunguka kama maji yanayoingia tundu la sinki, na dogo linaning'inia pembeni. Jingine kama kofia pana."

Wifi akaacha kupepeta mchele. "We mwanamke, hizo si nyota. Hizo ni galaksi. Na za kweli."

Hapa nisimame kidogo niwafundishe, maana najua wengine mnatikisa kichwa tu. Galaksi ni mji wa nyota; nyota zake huhesabiwa kwa mabilioni, na jua letu hili linalotuchoma ni nyumba moja tu katika mji mmoja. Mimi shule niliiacha mapema kwa sababu za kifamilia, familia yenyewe ikiwa ni mimi, lakini hili nililielewa mara moja. Zamani, kabla kompyuta hazijajua kuchora, watengeneza tamthilia wakitaka mbingu walichukua picha zilizopigwa na darubini kubwa za wataalamu, wakapitisha majina juu yake. Picha zile ni za mahali pa kweli. Zina jina, zina namba, zimo vitabuni.

Wifi alileta kitabu kinene cha anga kutoka maktaba ya shule, pamoja na karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, zile wanafunzi wanazochorea ramani. Mama Kanda akazishusha chini. Anasimamisha kanda, anabandika karatasi kwenye kioo cha televisheni, anafuata kila mkunjo kwa penseli na kila kidoti cha nyota, huku mkono mmoja ukiwa tayari kwa kofi la mashine. Jioni anarudi nyumbani na karatasi, anailaza juu ya picha za kitabu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ikae.

Ya kwanza, ile ya maji ya sinki yenye dogo lake pembeni, ilikaa kirahisi. M51, kitabu kilisema. Kofia ikawa M104. Mama Kanda aliandika namba hizo kwa wino mzito kuliko kawaida. Watu wa juu walikuwa wanatangaza habari za barabara moja kufungwa, naye mle chini, hana hata tundu la kuchungulia, alikuwa amepata anwani ya mahali ambapo mwanga wake unachukua mamilioni ya miaka kutufikia.

Ya tatu ikagoma. Ilikuwa kubwa, imelala mshazari, ina vidoa viwili vya kuisindikiza.

"Hiyo ni Andromeda, inajulikana hata na watoto," alisema wifi.

"Basi mbona vidoa vimekaa upande usio wao? Nimeizungusha mpaka nimepata kizunguzungu mimi."

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi, baada ya kuosha vyombo, Mama Kanda alichukua karatasi kwa mikono yenye maji, akaitupa kitabuni bila kuangalia. Vidoa vikaangukia mahali pake, kila kimoja.

Wifi akachungulia. "Umeiweka tumbo chini."

"Najua. Na imekaa."

Wakatazamana. Waliotengeneza tamthilia walikuwa wameigeuza picha, kulia ikawa kushoto, ili wapate nafasi nyeusi ya kuwekea majina. Nani angewashika? Wenyeji wa Andromeda hawaji kulalamika. Tangu hapo kila karatasi alijaribu pande zote mbili, na mwezi ulipopita katikati kidogo alikuwa na sita kati ya saba. Moja ilikuwa na fimbo katikati na mikono miwili imetoka ncha za fimbo; hiyo ikamchukua jioni nne, ikawa NGC 1300. Mumewe alianza kupika, na watoto wakaanza kumwomba baba aache.

Mkuu, alipoona visanduku sita, alivimba. Alipanda kwa wakubwa akatangaza kwamba hifadhi yake imetambua galaksi saba halisi. Akachapisha bango la maonyesho. Kwenye kompyuta akaandika kwa mkono wake, Idadi: 7, akaifunga isibadilishwe.

"Lakini Mkuu, ya saba bado."

"Utaipata. Wewe hodari."

Ya saba haikupatikana. Ilikuwa na mikono miwili ya kuzunguka, mmoja umekatwa na ukingo wa picha, na katikati yake jina la fundi taa limekaa kama limepigiliwa. Haikukaa tumbo chini wala mgongo chini. Mama Kanda alimaliza kitabu kizima, akarudia. Ikabaki wiki moja. Akaanza kuota ngazi, ngazi za kushuka tu. Mezani alikuwa anachora mikunjo kwa kijiko kwenye uji, akiulizwa kitu anajibu baadaye.

"Mke wangu," mumewe alimwambia, "bomba likiziba mahali, wakati mwingine tatizo liko mahali pengine."

"Hebu niache na mabomba yako."

Jumapili mchana wifi alichoka kuona karatasi zimetapakaa kitandani. Akazibandika zote saba kwenye dirisha la sebule, nyingine juu ya nyingine kwa uvivu, jua likapenya.

"Njoo uone. Hivi vidoti vitatu si viko pia kwenye hii nyingine?"

Mama Kanda akasogea. Karatasi ya saba ilikuwa imebandikwa kichwa chini na tumbo nje, imelala juu ya ile ya kwanza kabisa. Vidoti vitatu vidogo, nyota za jirani zilizosimama mbele ya picha, vilikuwa vimekutana kimoja kwa kimoja. Mikono ikakutana. Ukubwa ule ule, maana hawakujisumbua hata kuikuza. Walikuwa wamechukua picha ya kwanza, wakaigeuza, wakaipindua, wakakata ile galaksi ndogo ya pembeni, wakairudisha tena kama mgeni mpya. Kitabuni hakuiona kwa sababu kichwani mwake M51 alikuwa ameshaifuta zamani kwenye hesabu, ukurasa wake akiuruka.

"Kwa hiyo ya saba haipo," alisema wifi.

"Ipo. Ni ya kwanza."

"Wifi yangu, umefungwa na wavivu wawili, mmoja wa nje aliyerudia picha, mmoja wa hapa aliyekimbia kitasa." Akacheka mpaka akakaa chini. Mama Kanda naye alicheka, usingizi ukamjia vizuri usiku ule, kwa sababu alidhani mambo yamekwisha.

Kuanzia Jumatatu ilibidi amalize maelezo ya vipindi vya mwisho, mashine nayo ikataka makofi mengi kuliko kawaida, hivyo akafikia kisanduku cha saba Ijumaa mchana. Akaandika M51. Taa nyekundu. *Jina hili lipo tayari katika orodha hii.* Akarudia. Nyekundu. Akajaribu kufanya idadi iwe sita; idadi ilikuwa imefungwa. Akapiga simu kwa Mkuu.

"Mkuu, ya saba ni ile ile ya kwanza, wameigeuza. Kompyuta haitaki. Nifungulie idadi niandike sita."

"Bango linasema saba."

"Bango si kanda."

"Mama, nisikilize. Hicho kitabu chako kina galaksi ngapi? Chagua moja, andika. Nani atajua? Saa kumi nafunga, na yule kijana mwenye mjomba yuko hapa nje anasubiri."

Akakata. Ilikuwa saa nane na nusu. Mama Kanda akapiga simu getini afunguliwe akaongee na mtu uso kwa uso. Simu ikaita. Ikaita. Mlinzi alikuwa amekwenda kula.

Basi akakaa. Mlango mbele yake, laini, hauna kitu cha kushika. Kiyoyozi kinanguruma. Alivuta kitabu, akafungua popote, akaona galaksi nzuri ya kuzunguka, M74. Akaiandika katika kisanduku cha saba. Taa ikawa ya kijani. Ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza Hifadhi, na Jumatatu angekuwa na dirisha.

Kidole kikakaa juu ya kitufe. Alijiambia kwamba ni televisheni tu, ni majina tu yanayopita juu ya picha ambayo watu huitumia kuinuka kwenda jikoni. Lakini miaka kumi na minne hajaandika kitu ambacho hakukiona. Ndicho pekee alichokuwa nacho mle ndani ambacho hakikuwa mali ya kituo. Siku moja mtu angekuja kutafuta M74, aonyeshwe picha hii, arudi nyumbani akiwa amedanganywa na yeye. Akaifuta. Nyekundu ikarudi.

Saa tisa. Akapiga simu tena, mlinzi bado. Akafanya kile afanyacho mtu asiye na pa kwenda, akasoma. Alisoma ukurasa wa M51 kuanzia juu hadi chini, ukurasa ambao alikuwa amepita jioni ya kwanza kwa haraka ya furaha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba namba zile za M ni za orodha moja ya zamani. Baadaye wataalamu wengine walitengeneza orodha yao ndefu zaidi, wakaipa galaksi ile ile namba nyingine: NGC 5194.

Alisoma mara mbili. Kisha akaandika NGC 5194. Kijani. Katika kisanduku kidogo cha maelezo, ambacho watu wengi hukipita, akaandika: *Ni M51, sawa na picha ya kwanza, imegeuzwa, imepinduliwa na kukatwa. Galaksi tofauti ni sita.* Akabonyeza Hifadhi.

Mlinzi alifungua saa kumi kasoro dakika kumi, akifuta mdomo. "Umepiga simu mara saba. Kuna moto?"

"Pisha, Afande."

Alipanda ngazi ishirini na mbili, kisha nyingine, akamkuta Mkuu na kalamu mkononi, na kijana mmoja mtanashati amekaa kitini anatazama viatu vyake.

"Imekubali?" aliuliza Mkuu.

"Imekubali. Lakini nakwambia mbele ya huyu kijana, galaksi ni sita. Ya saba ni ya kwanza kwa jina lake jingine. Nimeandika kwenye maelezo."

Mkuu alitazama kioo cha kompyuta. Visanduku saba, kijani saba. Kushuka hadi kwenye maelezo kulihitaji kusogeza kidole, na Mkuu si mtu wa kusogeza kidole. "Saba," alisema, akasaini fomu ya uhamisho.

"Sita," alisema Mama Kanda, akachukua karatasi.

Kijana aliinua uso. "Sasa mimi niende wapi?"

Mama Kanda alimwonea huruma kidogo, kwa kadiri mtu anavyoweza kumwonea huruma mwenye mjomba.

Jumatatu asubuhi alipanda ghorofa ya tatu bila sweta. Chumba cha wahariri kilikuwa na madirisha manne kama alivyosikia, na yote manne yalikuwa na mapazia mazito meusi, yamefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wahariri watatu walikuwa wameinama kwenye mwanga wa bluu. Kiyoyozi kilinguruma.

Alipewa meza ya mwisho. Akasimama karibu nayo muda mrefu, mkoba bado begani. Kisha akaenda dirishani, akashika pazia.

"Dada, hilo huwa hatufungui," alisema mhariri wa karibu, bila ukali. "Mwanga unaharibu rangi. Tunakosea."

"Kazi ya rangi mnafanya saa ngapi?"

"Asubuhi, mpaka saa sita hivi."

"Na mchana?"

"Mchana tunakata tu. Sauti, na mambo kama hayo."

"Kukata kunahitaji giza?"

Mhariri akafikiria. Alikuwa na miaka sita mle ndani na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hapana," alisema. "Nadhani lilifungwa asubuhi moja, likabaki hivyo."

"Basi saa sita nitalifungua," alisema Mama Kanda. Akaivuta meza yake kwa magoti na tumbo, miguu ya chuma ikipiga kelele sakafuni, mpaka ikagusa ukuta chini ya dirisha. Akakaa, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na robo.